Wino wa Chupa ya Pili

Mtaani walimwita Mama Mbona, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala mtoto yeyote. "Mbona" ndilo neno lililokuwa halimtoki mdomoni. Mbona mkate wa leo mdogo? Mbona mbwa wa jirani habweki siku hizi? Mbona bwana harusi alilia kuliko bibi harusi? Watu walimcheka, lakini wakitaka kujua jambo lolote la mtaani walikwenda kwake kwanza.

Kazi yake ilikuwa udobi. Miaka ishirini na sita alifua katika chumba kimoja cha mbele chenye meza ya kupigia pasi, na ua wa nyuma wenye kamba saba za kuanikia. Alikuwa mjuzi wa madoa kama tabibu alivyo mjuzi wa homa. La damu, maji baridi. La kutu, ndimu na chumvi, kisha jua. La grisi, unyunyize unga kwanza linyonywe, ndipo uguse sabuni. Alikuwa akiinua shati la mteja, analitazama kidogo, anasema, "Hili jana lilikula wapi?" na mteja anaanza kujieleza kama yuko kituo cha polisi.

Siku ya uchaguzi alifunga mlango mapema akaenda shule ya msingi iliyokuwa kituo cha kupigia kura. Rais wa nchi ile alikuwa yule yule tangu Mama Mbona anajifunza kufua soksi zake mwenyewe, na mbunge alikuwa mtu wa rais. Hata hivyo watu walijipanga. Walipiga kura kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua mwenyewe yumo, ila hataki kufungua.

Alipofika ilikuwa saa nne kasorobo, na mabasi mawili yalikuwa yanashusha watu getini. Wageni hao waliingia kwenye mstari mbele yake na nyuma yake, akabanwa katikati. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alipiga miayo, akamuuliza mwenzake, "Hapa ni cha tatu au cha nne?" Mwenzake akamfinya ubavuni. Mama Mbona alidhani wanauliza chumba cha darasa, akageuka kuwaelekeza, lakini wote wawili walikuwa wanatazama angani.

Mle darasani, aliyekaa mwisho wa meza akiwachovya watu vidole vya mkono wa kushoto baada ya kupiga kura, alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwalimu wa shule hiyo hiyo.

"Leta kidole, shemeji."

"Usinichovye mkono mzima, nina shuka nyeupe za nyumba ya wageni zinanisubiri."

"Basi ukizitia doa utazifua mwenyewe," alisema shemeji. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Alirudi kazini akaanza na zile shuka. Alipomaliza karai la tatu akainua mkono kufuta jasho, akaona kidole chake. Kilikuwa cheupe. Si kwamba wino umefifia. Haukuwepo kabisa, hata kwenye ukingo wa kucha ambako uchafu hupenda kujificha.

"Mbona?" akasema peke yake.

Uchaguzi uliopita wino ulimkaa wiki nzima kwenye ngozi, na kwenye kucha ulikaa mpaka kucha ikaota upya. Wakati ule alijaribu kuutoa, kwa ushindani tu wa kikazi. Alitumia sabuni ya mche, ndimu, hata dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na kila alipotoka juani uliongezeka weusi. Ulikuwa wino wa kuheshimiwa. Sasa huu wa leo umeondoka kwa sabuni ya kawaida, tena bila kusuguliwa.

Hakukasirika. Aliwashwa, kama mtu aliyeona uzi unaning'inia kwenye nguo asiweze kuuacha. Akajiambia labda ni kwa sababu mikono yake inashinda kwenye povu. Jibu hilo liliishi mpaka jioni, nesi wa jirani alipokuja kuchukua sare zake za zahanati.

"Hebu nione kidole," Mama Mbona alimwambia hata kabla ya salamu.

Nesi akanyoosha mkono. Kidole chake kilikuwa cheusi kama mbegu ya papai.

"Umenawa mara ngapi leo?"

"Mimi? Kazi yangu si kunawa? Labda mara thelathini. Na spiriti juu."

"Ulipigia wapi?"

"Si pale pale shuleni. Shemeji yako ndiye alinichovya. Saa moja na robo, kabla sijaingia zamu."

Mama Mbona alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Chumba kimoja, meza moja, mkono ule ule uliochovya. Nesi saa moja na robo, yeye saa nne. Wino mmoja unashinda spiriti, mwingine unashindwa na povu.

Kuanzia kesho yake kila mteja alikuwa na maswali mawili ya kujibu kabla ya kupewa nguo. Ulipiga kura saa ngapi? Nionyeshe kidole. Majibu aliyaandika kwenye daftari la kuandikia alama za nguo, pembeni ya "suruali mbili, koti moja". Fundi cherehani, saa mbili, cheusi. Mke wa mwashi, saa tano, cheupe. Mzee wa duka la vipuri, saa saba na nusu, cheusi. Kufikia siku ya tano alikuwa na watu ishirini na watatu, na safu ile ilimshangaza hata yeye aliyeiandika. Waliopiga kura kabla ya saa nne, wote weusi. Wa kuanzia saa nne mpaka saa saba, wakati mabasi yako getini, wote weupe. Waliokuja mabasi yakishaondoka, weusi tena.

Katikati ya siku hizo redio ilitangaza matokeo. Mbunge alikuwa yule yule, kwa kura nyingi kuliko mara zote.

Siku ya tatu alasiri, shemeji alikuja na furushi la nguo. Ndani yake mlikuwa na shati jeupe alilovaa siku ya uchaguzi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji ya kunywa. Mama Mbona akalitandaza shati mezani. Lilikuwa na madoa mawili ya wino, moja juu ya mfuko wa kifuani, jingine kwenye mkono, karibu na kifungo.

Aliloweka mkono wa shati kwanza. Akasugua nusu ya lile doa kwa kidole gumba, na nusu hiyo ikaondoka kama haikuwahi kuwepo. Akaacha. Akaenda kwenye doa la mfukoni, akasugua kwa nguvu, akatia ndimu, akatia dawa. Lilimtazama tu.

"Shemeji," alisema taratibu, "shati lako limechovywa chupa mbili."

Mwalimu aliweka bilauri chini. Nje kamba zilikuwa zinalia kwa upepo.

"La mfukoni ni la asubuhi," alisema mwishowe. "Nilipofungua chupa, tone likaruka. Saa nne kasoro msimamizi wetu akaja, akatoa chupa nyingine kwenye koti lake. Akasema ile ya kwanza inaisha. Alikuwa na haraka, ndiyo maana akanimwagia kwenye mkono wa shati."

"Na ilikuwa inaisha?"

"Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Aliiweka chini ya meza. Mabasi yalipoondoka akairudisha juu, ile nyingine akaondoka nayo."

"Na wewe hukuuliza?"

"Si kila mtu ni wewe, shemeji."

Ndipo Mama Mbona akamkumbuka yule mwanamke wa miayo. Hapa ni cha tatu au cha nne? Hakuwa akiuliza darasa. Alikuwa akiuliza kituo. Mtu anachovywa, ananawa, anapanda basi, anachovywa tena kwingine. Aliona aibu kidogo, maana alikuwa amesimama katikati yao asijue.

"Nipe shati langu," alisema shemeji.

"Halijakauka."

"Nipe hivyo hivyo."

Alimpa. Lilikuwa lake. Mwalimu alilikunja likiwa linachuruzika maji, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mdogo wake akaja. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, kama walivyokuwa wakigombana utotoni.

"Dada, nakuomba. Mume wangu ni mwajiriwa wa serikali. Akifukuzwa, watoto wangu watakula 'mbona'?"

"Sijamtaja mtu."

"Lakini unauliza watu! Mtaa mzima unaonyeshana vidole!"

"Kuuliza si kosa, mdogo wangu."

"Hapa petu ni kosa, na unajua," alisema mdogo wake. Hakumkaripia, sauti ilikuwa imeshuka, na hilo ndilo lililomuuma Mama Mbona zaidi.

Mgombea aliyeshindwa alikuwa amefungua kesi ya kupinga matokeo ya jimbo. Wakili wake, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, alisikia habari za daftari kwa nesi. Alikuja, akakaa juu ya ndoo, akasoma kurasa zile mbili bila kupepesa.

"Hii ni dhahabu," alisema. "Lakini watasema ni maneno ya dobi. Una kitu chochote cha kushikika? Chupa? Nguo yenye wino?"

Mama Mbona alitazama kamba zake. "Sina."

"Kuna mwenye nayo?"

"Kama yupo, ni mali yake na shingo ni yake. Mimi nitasema ya vidole."

Wakili hakumlazimisha. Wiki ile ile walikuja wanaume wawili na koti moja la kufuliwa. Koti lilikuwa safi. Dobi huliona koti safi kama mvuvi aonavyo samaki wa plastiki.

"Tunasikia unafanya utafiti," alisema mmoja.

"Nafua nguo, baba."

"Basi fua nguo. Mambo ya serikali waachie wenye serikali."

"Sawa. Hebu nione kidole chako."

Ilimtoka tu, kama kupiga chafya. Na yule bwana, pengine kwa kushtuka, akanyoosha mkono. Kidole kilikuwa cheupe, hata kwenye ukingo wa kucha.

"Wewe ulipiga kura saa ngapi?" aliuliza Mama Mbona, kwa hamu ya kweli ya kujua.

Mwenzake akamshika yule bwana mkono, wakatoka. Koti hawakurudi kulichukua. Walipotokomea, alifunga mlango kwa komeo, akakaa sakafuni mpaka pasi ikapoa. Alijiuliza kama anaogopa zaidi kusema au kunyamaza, na kwa mara ya kwanza siku nyingi hakuwa na hamu ya kupata jibu.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Mama Mbona alivaa gauni lake la kijani lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Wakili wa serikali, kijana mrefu mwenye tai nyekundu, alimhoji huku akitabasamu.

"Una elimu gani, mama?"

"Darasa la saba."

"Kemia ulisoma?"

"Sikusoma, ila inanilisha."

Watu wakacheka. Jaji, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, akagonga meza.

"Kwa hiyo," alisema wakili wa serikali, "dobi wa darasa la saba ametazama vidole vya wateja ishirini na watatu, na tubatilishe kura za jimbo zima. Huo wino umeuona kwenye chupa?"

"Hapana."

"Unao hapa?"

"Hapana."

"Basi tuna nini, mheshimiwa, zaidi ya umbea wa mtaani?"

Mama Mbona alihisi uso ukimwaka. Alimtazama wakili wa mgombea, naye alikuwa ameinamia karatasi zake. Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipolia. Shemeji yake aliingia. Alikuwa amevaa lile shati, na lile doa la mfukoni lilionekana tangu mlangoni, limekomaa. Nyuma yake alikuwa mkewe, macho mekundu, amembeba mtoto mdogo.

"Mimi nilikuwa karani wa kituo," alisema mwalimu kwa sauti ya darasani, ile ya kusikika mpaka dawati la mwisho. "Na shati ninalo."

Wakili wa serikali akaruka kupinga: shahidi huyo hayumo kwenye orodha. Walibishana kisheria kwa muda mrefu. Jaji aliwasikiliza wote wawili, lakini macho yake yalikuwa kwenye shati. Mwishowe akaruhusu. Mwalimu aliapa, akaeleza habari za chupa mbili tangu mwanzo hadi mwisho, akataja saa, akamtaja msimamizi. Alisita mara moja tu, alipoambiwa ataje pia shule anayofundisha.

"Na doa la mkononi?" jaji aliuliza. "Mbona ni nusu?"

"Nusu nyingine niliitoa mimi, mheshimiwa," alisema Mama Mbona kutoka kwenye benchi. "Nikaacha hiyo."

Jaji aliinama mbele. "Unaweza kuitoa hapa?"

"Nikipata beseni."

Beseni lilitoka kwenye chumba cha wafagizi. Sabuni ilitoka chooni, kipande chembamba cha kunawia. Mwalimu akavua shati, akabaki na fulana ya ndani yenye tundu begani, mpaka mwandishi wa mahakama alipomwazima koti. Mama Mbona akakunja mikono ya gauni. Ukumbi mzima ulisikia maji yakigusa bati. Alisugua mkono wa shati mara tatu, akauinua. Umetakata. Kisha akageukia doa la mfukoni, akalisugua mpaka jasho likamtoka, akalikamua, akalinyanyua mwangani. Jeusi vile vile.

"Njoo ujaribu na wewe," alimwambia wakili wa serikali, bila kejeli. Alitaka kweli aone.

Kijana yule hakusogea. Lakini jaji alishuka kwenye kiti chake, akavua saa, akaingiza mikono kwenye beseni. Alisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipopanda tena, vidole vikidondosha maji kwenye mafaili, alikuwa na uso wa mtu aliyejibiwa swali ambalo angependelea asiliulize.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki sita. Matokeo ya jimbo lile yalibatilishwa, na uchaguzi uliamriwa urudiwe ndani ya siku tisini. Matokeo ya rais hayakuguswa. Hakuna kesi iliyokuwa imefunguliwa juu yake, kwa kuwa sheria ya nchi ile haikuruhusu. Siku mbili baadaye jaji alipewa likizo ambayo hakuiomba. Watu wa halmashauri walikuja kwa Mama Mbona, wakapima mfereji wake wa maji machafu kwa futi, wakafunga chumba chake mwezi mzima. Alifulia kwenye ua wa nesi, na wateja wakamfuata huko, wengine na nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mwalimu hakufukuzwa. Alihamishiwa shule iliyo mwendo wa siku mbili kwa basi, madarasa manne na choo kimoja. Mama Mbona alikwenda kusaidia kufunga mizigo. Mdogo wake hakumsemesha. Walikunja nguo za watoto pamoja, moja baada ya nyingine, kila mmoja akishika pembe zake za shuka kama walivyofundishwa na mama yao.

"Yeye ndiye aliyeamua," mdogo wake alisema ghafla. "Usije ukadhani ni wewe. Siku ile alipotoka kwako alilianika shati chumbani, juu ya kitanda chetu. Kila akilala linamtazama. Nilimwambia lichome moto. Akaniambia, nitawafundishaje watoto kujumlisha?"

"Umenikasirikia?"

"Sana," alisema mdogo wake, akampa shuka nyingine. "Shika huko."

Siku ya kurudia uchaguzi watu walifika shuleni kabla ya wasimamizi. Hakuna aliyekuwa amewapanga, lakini kila chupa ilipofunguliwa walisema hawapigi kura mpaka ijaribiwe. Msimamizi mpya akalalamika kwamba kanuni haisemi hivyo. Nesi akamuuliza kanuni inakataza wapi. Alipekua kitabu chake, akapekua tena, akaghairi. Tone likatiwa kwenye kitambaa cheupe, kikaloweshwa, kikasuguliwa na mwakilishi wa chama tawala na mwenzake wa upinzani kwa zamu, mbele ya mstari wote. Mabasi yalikuja saa nne. Walioshuka waliutazama mstari, na kile kitambaa kilichoning'inizwa mlangoni, na watu wote wale waliogeuka kuwatazama. Basi moja likaondoka na abiria wake wote. La pili lilibaki kidogo, likafuata.

Kura zilihesabiwa alasiri, milango wazi. Karani alisoma kila karatasi kwa sauti, na watu walioegemea madirishani wakahesabu naye, mwanzoni kwa kunong'ona, baadaye kama wanafunzi. Mgombea wa upinzani alishinda jimbo kwa kura mia nne na kumi na mbili. Bungeni wapinzani wangekuwa sita tu kati ya mia mbili, na kila mtu pale alijua hesabu hiyo. Walishangilia hata hivyo, kisha wakatawanyika haraka, kwa maana gari la polisi lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara na hakuna aliyejua linangoja nini.

Asubuhi yake Mama Mbona alimpigia simu shemeji. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Alijaribu mara tano.

"Tumeshinda," alipiga kelele. "Mia nne na kumi na mbili!"

"Nimesikia redioni. Walisoma karatasi moja moja?"

"Moja moja. Milango wazi."

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto, na kiti kikiburuzwa sakafuni.

"Mdogo wako anasema uje likizo," alisema mwalimu. "Anasema maji ya huku ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, uje utueleze tufanye nini. Haya, shemeji, kengele imelia."